Kodi za saba hazipigiwi skeli moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaofundisha kwamba kwenye gitaa, kila kodi ya saba (noti zinazopigwa pamoja, kama G7 yenye G, B, D na F) ipigiwe solo kwa skeli ya miksolidia (juu ya G: G, A, B, C, D, E, F), basi. Kwenye G7 tupu sina ugomvi nao. Lakini mwenzako akishika G7 kali, yaani uzi wa 6 (ulio mnene zaidi) na wa 4 freti ya 3, kisha nyuzi tatu nyembamba zote freti ya 4, ndani ya kodi mna A flati na E flati (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni, shapu ni iliyopandishwa). Miksolidia inakupa A, D na E za kawaida. Ukizikalia, zinagongana nazo kwa nusu toni (freti moja), na msikilizaji anajua umepotea.

Tazama kwanza noti zilizobadilishwa, halafu kodi inakokwenda. Kodi inayoingia C maina, ikiwa na A flati na D bado ipo, ipigie C maina harmoniki (C, D, E flati, F, G, A flati, B). Ila usiikalie noti ya C, inaizima B ya kodi. Ikiwa na A flati lakini E ni ya kawaida, panda nusu toni, toni, nusu toni, toni kuanzia G. Ikiwa na D shapu huku A haijaguswa, tumia skeli ya toni nzima (kila hatua toni moja).

Iliyobaki ndiyo inayowasumbua wengi: D haipo kabisa, na noti za tano na tisa (D na A) zimeshushwa au kupandishwa. Hapo ni A flati maina melodiki: A flati, B flati, B, D flati, E flati, F, G. Wengi huianzia A flati na kuimalizia hapohapo, ikasikika kama wimbo umehamia A flati maina. Zilenge B na F, kisha utoke kuingia kodi ya C. Uzi wa 1, freti ya 4 ishuke 3. Uzi wa 3, freti ya 4 ipande 5. Uzi wa 4, freti ya 3 ishuke 2 kama unaingia C meja, au 1 kama ni C maina. Noti ya kutokea iangukie pigo la kwanza la kodi ya C. Ukichelewa, ukali wote unageuka uchafu.

Zoezi: metronomu mapigo 60 kwa dakika, bari mbili za G7, mbili za C, kwa noti nne tu juu ya G7: B, F, A flati, E flati.

Na mpiga kinanda aambiwe mapema. Akiing'ang'ania D, E flati yako iwe ya kupita tu. La sivyo ashike G, F na B pekee.

Mpiga gitaa la solo