Barua kwa mwanangu aliyekataliwa kwenye usaili

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na bibi yako anakusalimu. Nimepata habari kwamba watengenezaji filamu wa huko Dar es Salaam wamekukataa kwa sababu ya lafudhi yako ya Kisukuma. Pole, ila naomba nikusimulie habari za Sidney Poitier, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani.

Alizaliwa Miami mwaka 1927, wazazi wake wakiwa wamekwenda huko kuuza nyanya, akakulia katika visiwa vya Bahama. Alipokuwa kijana New York alijaribu bahati yake katika kundi la maigizo la American Negro Theatre, mtaa wa Harlem, akasoma mistari kwa kusuasua na kwa lafudhi nzito ya visiwani, mpaka msimamizi akamnyang'anya karatasi, akamtoa nje na kumwambia aende akaoshe vyombo. Kilichomchoma ni kwamba kuosha vyombo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya, na yule bwana hakuwa na habari. Akanunua redio, akawa akirudia maneno ya watangazaji kwa miezi ili aiondoe lafudhi yake; huko mkahawani mhudumu mmoja mzee akawa anakaa naye usiku, kazi ikiisha, akimfundisha kusoma gazeti. Kisha akarudi kwenye kundi lile lile na kukubali kufanya usafi ili afundishwe kuigiza.

Mwaka 1946, katika onyesho lake la kwanza Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, woga ulimshika akavuruga mistari yake, lakini watazamaji walicheka na wahakiki wakamsifu. Mhusika wake mkubwa, Walter Lee Younger wa mchezo wa A Raisin in the Sun, alimcheza jukwaani mwaka 1959 kabla ya kumcheza kwenye filamu mwaka 1961. Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora aliipata mwaka 1964, akiwa mwanamume mweusi wa kwanza kuitwaa.

Kwa habari ya lafudhi, sikubaliani na Poitier kwa yote. Jifunze Kiswahili cha redio, lakini cha kwetu usikitupe, kwani Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanaposhindana pale Bujora hushika umati uwanjani bila kipaza sauti wala kamera. (Mama yako anasema nimeanza tena mambo ya ngoma.)

Kwa hiyo acha kwanza kuzunguka kwenye ofisi za filamu, ukaulize masharti ya kujiunga na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambako utafundishwa jukwaa. Niandikie ada ni kiasi gani, nijue niuze mpunga kiasi gani.

Ni mimi baba yako.