Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Leseni Imekwama Wapi

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana wa mashimoni, nawasalimu sana. Hesabu za chama mhazini atawasomea mwenyewe, mi naenda moja kwa moja kwa ile kitu kila mtu ananisimamisha njiani kuniuliza, leseni ya ile kampuni ya madini imefika wapi na pesa yetu ya hisa inafanya nini.

Leseni bado. Mwaka mzima mameneja wanatuambia serikali inachelewesha, na sikatai kabisa, maana Sheria ya Madini ya Uganda ya 2022 ilipoondoa ile ya 2003 masharti mengi yalibadilika, halafu mazingira nayo yana sheria yake ya 2019, faili haliwezi kupita kwa wiki moja. Lakini tuliomba tulione hilo faili kwa macho yetu, wakatuzungusha weee mpaka wakatoa kopi. Mle ndani kuna barua ya kurudisha ombi, imeandikwa wazi, karatasi za ridhaa ya wenye ardhi hazijakamilika. Moja ina dole gumba la wino wa bluu, jina hakuna, muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, hakuna. Nyingine ina sahihi ya mzee tuliyemzika kabla kampuni haijakanyaga huku! Sasa hapo serikali imechelewesha nini? Barua ilikaa kwa droo yao miezi na miezi, sisi tunaambiwa tuvumilie.

Kuchelewa ningevumilia, ofisi tunazijua, lakini kufichwa barua inayohusu ardhi yetu, hiyo imeniuma sana. Na muda wote huo mishahara ya wakubwa inatoka, gari lina mafuta, ila ripoti ya matumizi hatujaona hata ukurasa mmoja.

Kuna pia ile mitaro ya sampuli, ya kutoa mawe na udongo wa kupima, waliyochimba leseni ya kwanza ikiwa hai. Mpaka leo haijafukiwa, ule wa karibu na kisima umejaa maji, mbuzi wawili wameshafia humo na watoto wanapita hapo kila asubuhi wakienda shule.

Vijana mnaouliza mbona tusichimbe tu, naomba mnisikie, leseni ya utafutaji hairuhusu kuchimba kibiashara, na Katiba kifungu cha 244 inaweka madini mikononi mwa serikali. Ardhi ya juu ndiyo yetu, na ndiyo maana bila ridhaa yetu ya kweli kampuni haiendi popote.

Kamati imemwandikia mkurugenzi aje mwenyewe, asitume kijana wa ofisi, na aje na stetimenti ya benki na barua zote alizojibiwa. Asipokuja, hiyo kopi tunaipeleka Entebbe kwa Kurugenzi ya Jiolojia na Madini. Mitaro ifukiwe kabla mvua haijaanza.

Kikao ni Jumamosi saa nane mchana. Kila mwenye kibanja aje na karatasi zake, tulinganishe sahihi moja moja na zile zilizo kwenye faili lao.