Wameniomba niwe mdhamini wa ubatizo

Uyole, Mbeya

Mama Neema mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ugonile? Baba Neema hajambo? Watoto? Mguu wa mama mkwe unaendeleaje? Sisi huku wazima, mvua haikatiki, viazi vinaozea shambani na wachuuzi wa Mwanjelwa wanajifanya hawatuoni. Tangu msiba wa mzee wa Ipinda hujaniandikia, nami sijakuandikia, kwa hiyo hatudaiani. Ningekupigia simu, lakini nina maneno mengi, na wewe kwenye simu huwa unanicheka kabla sijafika katikati.

Ni hivi. Rehema amejifungua salama huko Arusha, mtoto wa kiume, mashavu ya baba yetu mtupu. Juzi shemeji akanipigia, anaongea kwa adabu kama mshenga: wamekaa kikao na wazazi wake wa Machame, wameona mtoto abatizwe baada ya Pasaka, na mdhamini mmoja niwe mimi. Mwingine ni shangazi wa mtoto, mzee wa kanisa usharikani kwao, kwa hiyo upande wa Kilutheri hauna wasiwasi. Nikamwambia nashukuru kwa heshima hiyo, wanipe muda.

Mwenzangu, mimi Mbaptisti nisimame mbele ya madhabahu ya KKKT, kanisa la Kilutheri, nimeshika mtoto mchanga anamwagiwa maji kichwani! Habari ilishafika kanisani kabla sijamwambia mtu (nahisi ni Mama Tatu). Shemasi wetu, yule wa "nina neno dogo tu", akanikuta nje ya ibada akasema: "Walutheri wanalowesha nywele, sisi tunalowesha mtu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku sikulala vizuri. Nikajiuliza, hivi mimi najua Walutheri wanaamini nini, au najua tu vichekesho vyetu juu yao?

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Tulibatizwa mto Kiwira siku moja, maji ya baridi yale, meno yakigongana hata tukashindwa kuimba, na leo wewe unakaa benchi la Kilutheri na kanga ya umoja wa wanawake. Sijawahi kukuuliza moyoni ilikuwaje. Nilidhani umefuata mume, basi.

Nimeanza kusoma. Shemeji alinitumia Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529. Nilifungua sehemu ya ubatizo nikitafuta kosa, nakuambia ukweli. Nilitarajia kukuta kwamba maji yanaokoa, mtoto akishaguswa na maji kazi imekwisha. Kumbe Luther anauliza swali lilelile la shemasi wetu: maji yanawezaje kufanya mambo makubwa hivyo? Na anajibu kwamba si maji, ni Neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayolitegemea Neno hilo. Imani! Nilirudia kusoma. Katika Katekisimo Kubwa anaendelea kusema kwamba imani haiufanyi ubatizo kuwa ubatizo, imani inaupokea. Nimekaa na sentensi hiyo hata nikaunguza maharage.

Maana ukiifuata, ugomvi wetu nao hauko kwenye kiasi cha maji kabisa. Waorthodoksi wanawazamisha watoto wachanga mara tatu, chini kabisa, na bado hatukubaliani nao. Wasabato wanazamisha watu wazima waliokiri, kama sisi, na bado Jumamosi inatutenganisha. Ugomvi uko hapa: siku ile ya ubatizo, nani anafanya kazi? Sisi tunasema mimi nimeamini, sasa naingia majini kutii na kushuhudia, nimekufa na kufufuka na Kristo kama Warumi 6 inavyosema. Wao wanasema Mungu ndiye anayebatiza, kwa mkono wa mchungaji, na anayebatizwa anapokea tu. Sasa nani anapokea vizuri kuliko mtoto mchanga? Hana cha kuleta. Hana ushuhuda, hana machozi ya toba, hana hata meno.

Hilo limenichoma kidogo, kwa sababu sisi ndio tunaohubiri kila Jumapili kwamba wokovu ni kwa neema, si kwa matendo.

Lakini usifurahi mapema, sijahama! Bado naona wanaruka hatua. Towashi wa Matendo 8 anasema mwenyewe, "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Anauliza mwenyewe, hakuna aliyemuulizia. Wao wananiletea nyumba ya Lidia na nyumba ya mlinzi wa gereza katika Matendo 16, kwamba walibatizwa nyumba nzima, mle ndani watoto hawakosi. Labda. Lakini andiko halisemi kulikuwa na mtoto mchanga, na kimya cha andiko kila mtu anakijaza na mtoto wake. Wananiletea Matendo 2:39, ahadi "ni kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu". Nami nasema malizia mstari: na kwa wote walio mbali. Hao wa mbali mnawabatiza kabla hawajasikia? Wananiletea tohara, kwamba Isaka hakuulizwa siku ya nane. Hapo wananibana zaidi, nakiri, maana Wakolosai 2 inaweka tohara na ubatizo karibu karibu.

Shemeji naye ana lake. Anasema: "Shemeji, ninyi mnamweka mtoto wakfu, akikua mnambatiza. Sisi tunambatiza mtoto, akikua anapata kipaimara, anaikiri imani mwenyewe. Vitu ni vilevile viwili, tunabishana tu maji yakae wapi." Nilicheka, nikamwambia akili hizo apeleke kwenye biashara yake. Si vilevile. Mtoto aliyewekwa wakfu kwetu hatumwiti mshiriki wa kanisa. Kwao ameshaingia. Hapo ndipo Wabaptisti tulipoanzia, kwamba kanisa ni la waliosema ndiyo kwa kinywa chao, si la kila aliyezaliwa mtaani.

Na ujue mwanzo wenyewe ulivyokuwa, hili darasani kwangu la historia wanafunzi hulipenda. John Smyth, Mwingereza aliyekimbilia Amsterdam, mwaka 1609 alikata shauri kwamba ubatizo wake wa utotoni si ubatizo. Sasa abatizwe na nani, naye haoni kanisa analoliamini? Akajibatiza mwenyewe! Halafu akawabatiza wenzake. Tena kwa kumwagiwa maji, si kuzamishwa. Kuzamishwa kulishika baadaye, na Ungamo la London la 1644 ndilo lililoandika wazi kwamba mtu azamishwe. Mwambie shemasi huyo kwamba Wabaptisti wa kwanza nao walilowesha nywele. (Usimwambie. Mimi ndiye nakaa naye.) Smyth mwenyewe baadaye akaona haya ya kujibatiza, akaomba kuingia kwa Wamenoni, ndugu zao hawa wa Musoma, na mwenzake Thomas Helwys akakataa kumfuata, akarudi Uingereza na kundi dogo. Mwaka 1612 Helwys akaandika kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu, awe Mkristo wa aina gani, awe Myahudi au Mwislamu. Wakamfunga gereza la Newgate, London, na kufikia 1616 alikuwa ameshafariki.

Huyo Helwys ndiye anayenifanya niendelee kuwa Mbaptisti, kuliko maji. Dhamiri ya mtu isilazimishwe. Lakini hapohapo ndipo ninapokwama na suala la mtoto wa Rehema, maana dhamiri ya Rehema na mumewe nayo ni dhamiri.

Halafu kuna jambo ambalo hatulisemi kanisani. Rehema alipoolewa, KKKT hawakumbatiza tena. Waliuliza kama alibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, basi, wakampokea. Wewe pia ilikuwa hivyo, au? Lakini kama shemeji ndiye angekuja kwetu, tungemtia majini siku ya kwanza. Ubatizo wetu wanaukubali, wa kwao hatuukubali. Mchungaji wetu anaeleza kwamba haturudii ubatizo, ila tunambatiza mtu ambaye kwa kweli hajawahi kubatizwa. Naelewa hoja, na kwa mizani yetu imenyooka. Ila msikilize Mlutheri anayeambiwa hivyo: anasikia kwamba Mungu alikuwa hajamtambua miaka yote hiyo.

Na ndipo ninapomkumbuka Bibi. Unamkumbuka Bibi, uji wake wa ulezi na ukali wake. Mmoraviani wa Rungwe, wa ukoo ule uliopokea Injili kwa wamisionari waliofika mwaka 1891. Alibatizwa akiwa amebebwa mgongoni. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alisoma neno la siku, yale mafungu ambayo Wamoraviani wameyatoa kila mwaka tangu 1731, na kama hakuona vizuri alinisomesha mimi kwa sauti. Nimejifunza kusoma Biblia kwake kabla ya shule ya Jumapili ya Kibaptisti. Sasa kwa mafundisho yetu, Bibi alikufa bila ubatizo. Nikimuuliza mchungaji atasema "aliokoka, lakini hakubatizwa kwa kweli". Sawa. Jaribu kuisema sentensi hiyo kwa sauti ukiwa Rungwe, karibu na kaburi lake, mbele ya mama yangu.

Sijui kwa nini nilipokuwa binti haikunisumbua.

Kwa upande mwingine, naogopa kuwa mpole kupita kiasi. Dada yetu wa Forest anasema wote tunamwabudu Mungu mmoja, mambo haya ni ya wachungaji. Hapana. Luther na Zwingli, mwanamatengenezo mwenzake wa Uswisi, walikutana Marburg, Ujerumani, mwaka huohuo wa 1529, wakakubaliana mambo kumi na manne, la kumi na tano likawashinda, meza ya Bwana: Kristo yumo kweli katika mkate, au tunakumbuka? Luther aliandika kwa chaki mezani, "Huu ndio mwili wangu", hakubanduka. Naheshimu watu waliojali kiasi hicho. Wangesema tu "ni mambo ya wachungaji" tusingekuwa na la kujadili leo. Isitoshe, naona vijana wa pande zote mbili: wa kwenu wakishapata kipaimara wanaonekana tena siku ya harusi, na wa kwetu tuliozama nao Kiwira wengine wanapita mbele ya kanisa wakitazama upande wa pili. Kwa hiyo hata hoja ya "tazameni matunda" siiwezi sana.

Nilipofikia ni hapa. Kwenda Arusha nitakwenda, hilo halina mjadala, kitenge kimeshashonwa. Kumwombea mtoto, kumfundisha Biblia, kuwa mama yake kama Mungu akiwachukua wazazi, naahidi hata leo, mbele ya askofu akitaka. Imani ya Mitume naikiri yote. Kinachonibana ni swali moja tu, lile nasikia wanaloulizwa wadhamini, kama wanataka mtoto huyu abatizwe. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema kwa kinywa kitu ambacho moyoni nakiona kimewahi. Nikinyamaza, Rehema atalia. Nimewaza nimwombe shemeji shangazi ajibu hilo, mimi nijibu yale mengine. Ila kujibu nusu nusu mbele ya madhabahu nako naona kama si heshima kwao, maana wao hawachezi pale.

Kwa hiyo nisaidie. Kwanza, swali hilo lipo kweli, au nimesikia vibaya? Nipigie picha ukurasa wa ibada ya ubatizo, maneno yote wanayojibu wadhamini, usiruke. Uliwahi kumsimamia mtoto yeyote tangu uhamie huko, na ulijisikiaje siku ya kwanza? Neema ulipompeleka akiwa mchanga, ulikuwa umekubali moyoni au ulikuwa unamfuata Baba Neema? Siulizi kwa ubaya. Mchungaji wenu angekubali mdhamini akamweleza wazi kwamba yeye ni Mbaptisti na anaamini hivi na hivi, au atasema bora nikae kwenye viti vya wageni? Na siku hiyo kama kuna Chakula cha Bwana, nikipita mbele wataniuliza? Wewe mwenyewe sasa, ukiulizwa ulibatizwa lini, unataja Kiwira bado?

Jitahidi nipate jibu kabla ya Jumapili ya Matawi, shemeji anatakiwa kupeleka majina. Wasalimie wote, na umwambie Baba Neema asisome hii kwa sauti mezani.

Wako katika Kristo,
Mama Furaha

Rehema bado hajui kwamba nasitasita. Akikupigia, muulizie mtoto tu, mengine niachie mimi.