Tyubu mpya za tangi la matumbawe: ziwashe saa 100 kabla hazijakaa juu ya maji

Mteja akishalipia tyubu mpya za T5, yaani taa nyembamba za floresenti, mara nyingi huzifunga jioni hiyohiyo, zote nne, na taima anaiacha palepale kwenye saa 10 za mwanga kwa siku. Wiki inayofuata anapiga simu: matumbawe yamejifunga, yamepauka, mengine yamekuwa meupe upande wa juu. Anadhani ameuziwa tyubu mbovu. Tyubu ni nzima kabisa, na tatizo ndilo hilo.

Tyubu hufifia polepole mno, mwenye tangi hawezi kuona. Ikiwaka saa 10 kwa siku, miezi 9 hadi 12 ni saa kama 2,700 hadi 3,650. Unga wa fosfori uliopakwa ndani umechoka, mwanga umepungua na rangi imehama. Matumbawe yamezoea hali hiyo. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao huyalisha; mwanga unapopungua, mwani huo hujiongezea rangi ya kunasa mwanga. Sasa mwanga mkali ukija ghafla, mwani unazalisha oksijeni yenye sumu kupita uwezo wa tumbawe kuihimili, na tumbawe linautema. Weupe unaouona ni mifupa yake, inaonekana kupitia nyama iliyobaki bila mwani.

Saa 100 za mwanzo zina habari yake. Katika muda huo tyubu haijatulia: zebaki inajisambaza, mabaki ya gesi chafu yanaisha, na dawa iliyopakwa kwenye nyaya za ncha mbili inakaa sawa. Ndiyo maana watengenezaji hupima mwanga wa tyubu ikishafikisha saa 100, si inapotoka kwenye boksi. Kabla ya hapo hutoa mwanga zaidi kwa asilimia kadhaa, na rangi haijakaa. Ukiitazama kwa karibu saa za mwanzo unaweza kuona mwanga unajipinda ndani kama nyoka. Usiirudishe dukani siku hiyo. Ikiendelea kujipinda baada ya saa 100, ilete.

Tuseme wazi tunavyoona sisi: kati ya mambo hayo mawili, saa 100 ndilo dogo. Kubwa ni pengo kati ya tyubu kuukuu na mpya. Mtu anaweza kuziwasha stoo saa 100 bila kukosa hata moja, kisha akazifunga zote kwa mpigo, na matumbawe yakapauka vilevile. Isipokuwa taa yako ina kifaa cha kupunguza mwanga. Hapo saa 100 kwa nguvu kamili ni lazima. Ukiipunguza tyubu changa, nyaya za ncha hazipati joto la kutosha, dawa yake inaruka, na ncha zinakuwa nyeusi mapema.

Njia rahisi ni kuziwasha kwenye fremu nyingine, mbali na tangi, mfululizo: siku 4 na saa 4 zinatosha. Mfululizo ni bora kuliko kuwasha na kuzima, kwa sababu kila tyubu inapowaka upya hupoteza dawa kidogo kwenye ncha. Umeme ukikatika, usianze kuhesabu upya. Andika saa zilizokwisha kwenye kipande cha tepu, bandika kwenye fremu, endelea ulipoishia. Hapa Kigoma tunashauri pia stabilaiza yenye kuchelewesha umeme dakika 3 hadi 5 unaporudi, maana kinachoua ncha za tyubu na balasti (kifaa kinachoilisha tyubu umeme) haraka ni ule umeme wa kurudi na kukatika mara tatu ndani ya dakika moja. Asiye na fremu ya ziada atuachie tyubu dukani. Tunaziwasha, tunazibandika tarehe, anazichukua zikiwa tayari.

Kabla ya kugusa tyubu hata moja, safisha kwanza kioo cha juu na rifleta, ile bati inayorudisha mwanga chini, kisha subiri wiki nzima. Chumvi iliyoganda kwenye kioo huzuia mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani, na kuifuta peke yake tayari ni kuongeza mwanga. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji hutoa ukoko huo. Suuza vizuri, kausha, ndipo urudishe.

Baada ya hapo badilisha tyubu moja tu, ile ya pembeni kabisa, iliyo mbali na matumbawe yanayopenda mwanga hafifu. Kaa siku 10 hadi 14. Badilisha ya pili. Kwa taa ya tyubu nne utamaliza ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi, na tangi halitastuka. Tarehe andika kwenye kofia ya tyubu kwa kalamu isiyofutika, la sivyo mwakani hutajua ipi ni ipi.

Ikiwa zimekufa zote na huna budi kuzifunga pamoja, punguza mwanga kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Taima ishushe hadi saa 6, halafu ongeza nusu saa kila baada ya siku 3. Inua taa sentimita 10 hadi 15 zaidi. Na weka chandarua cheupe, tabaka 3, juu ya kioo cha tangi, ukitoa tabaka moja kila baada ya siku 4. Chandarua kikae kwenye kioo, kisiguse tyubu wala waya. Yakianza kupauka, rudi nyuma hatua moja na ukae hapo wiki, usihamishe matumbawe huku na huku.

Kuna kosa jingine ambalo halihusu matumbawe ila linamaliza pesa. Tyubu ya T5 ya wati 54 na ile ya wati 28 zina urefu mmoja, milimita 1,149, na miguu yake inaingia kwenye holda ileile. Lakini ya 54 hutumia miliampia 460 na ya 28 hutumia 170. Ukifunga ya 28 kwenye balasti ya 54 itawaka, tena vikali, kisha ncha zitaungua mapema. Hali ni hiyohiyo kwa wati 24 na 14, na kwa 39 na 21. Soma maandishi kwenye kofia, usipime kwa urefu. Na kwa kuwa tyubu zinazofika Kigoma zimesafiri zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam, ijaribu palepale kaunta kabla hujaondoka.

Feni ya kupoza tangi ielekeze kwenye maji. T5 hutoa mwanga wake mzuri hewa inayoizunguka ikiwa na joto la nyuzi 35 hivi; ukiipulizia upepo moja kwa moja unapunguza mwanga ulioulipia.

Wateja wetu walio wengi wanafuga samaki wa ziwa, na kwao hatari ni ndogo zaidi. Tropheus, mmoja wa samaki hao, hula mwani wa juu ya mawe, hivyo mwanga mpya huwaongezea chakula. Ila kioo nacho kitajaa kijani, kwa hiyo anza na saa 7, fika 9 ndani ya wiki mbili. Washa taa ya chumbani dakika 15 kabla ya taa ya tangi, la sivyo watakimbia na kujigonga kwenye mawe. Maji ya Tanganyika huacha ukoko mweupe wa chokaa kwenye kioo. Siki ileile inautoa.

Tyubu zina zebaki. Ikipasuka, zima feni, fungua madirisha, toka chumbani dakika 15. Vipande kusanya kwa karatasi ngumu, vumbi lake kwa tepu, si kwa ufagio, kisha funga kwenye chupa yenye mfuniko. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya tyubu nyingi za kawaida kufikia 2026 na 2027, kwa hiyo upatikanaji utabana. Anayefikiria kuhamia LED afuate utaratibu uleule wa kuongeza mwanga taratibu. Saa 100 peke yake ndizo hazimhusu. Tyubu kuukuu zirudishe kwenye maboksi ya zile mpya utuletee dukani, zikiwa nzima.