Borrow na lend: msiwaite watoto wavivu

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka kumi sasa na sijawahi kuandika hata mstari, ila ile habari yenu ya watoto wa kidato cha pili imenikera sana. Yule mwalimu wenu anasema mtoto akiandika "borrow me your pen" badala ya "lend me your pen" ni uvivu tu. Uvivu gani jamani? Kwa Kiingereza anayechukua ana-borrow, anayetoa ana-lend, ila sisi nyumbani neno ni moja. Nikitaka kalamu yako nasema niazime, ukinipa umeniazima, nikiondoka nayo nimeazima. Kuazimisha ipo, ila mtaani nani anaisema? Hata Wajerumani neno lao leihen linaenda pande zote mbili. Mtoto kaandika alichokulia akisikia.

Kwenye hela mbona tofauti tunayo. Anayechukua anakopa, anayetoa anakopesha, hiyo -esha ndio inamaliza kazi. Mwalimu angeanzia hapo. Halafu awaonyeshe lend inabeba mtu na kitu kwa mpigo, lend me the book, kama tu nikopeshe, lakini borrow haimbebi mtu hivyo, inataka from, borrow the book from Juma. Na ukisema ya jana, lend inageuka lent, borrow inakuwa borrowed. Kipindi kimoja kinatosha.

Mimi yamenikuta. 2019 nilienda kuchukua mkopo wa cherehani, ofisi siitaji, fomu yote Kiingereza, chini kuna mistari miwili, lender na borrower, nikasaini kwa lender. Yule dada wa dirishani akainyanyua juu akawaambia wenzake huyu mama leo ndio anatukopesha sisi, wakacheka, foleni nzima ikacheka, nikaambiwa fomu imeharibika nirudi Jumatatu na fomu mpya nilipie tena, na kutoka kwangu mpaka pale ni daladala mbili kwenda mbili kurudi, niliporudi cherehani niliyokuwa nimeshikiwa dukani kauziwa mtu mwingine, yote hiyo kwa neno moja ambalo shuleni niliambiwa nikariri na hakuna aliyenieleza. Mpaka leo nikipewa fomu mkono unatetemeka.

Na hili nalo mliandike. Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, lakini mikataba ya mikopo watu bado tunasainishwa kwa Kiingereza, mtu anakuja kudaiwa riba ambayo hakuisoma.

Mimi nataka kwenye kila fomu chini ya lender iandikwe MKOPESHAJI na chini ya borrower MKOPAJI, herufi kubwa, wino mwekundu. Na nyie gazetini mtoe kona kila Jumanne, maneno mawili mawili, muanze na teach na learn maana hapo nako watoto wanaumia, wakati sisi tuna kufunza na kujifunza zimekaa wazi kabisa. Na yule mwalimu mkimpata tena muulizeni, hiyo -esha aliwahi kuwaonyesha, au aliwachapa tu?

Mama fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam