Kwa nini oksidi ya grafini ya chupa hii si sawa na ya chupa ile

Mwezi uliopita mteja wetu, mwanafunzi wa uzamili ambaye hununua gramu chache kila muhula, alifika katika maabara yetu hapa Mbeya akiwa na chupa mbili, akatueleza kwa masikitiko kwamba tumemuuzia vitu viwili kwa jina moja. Unga wa chupa ya kwanza ulikuwa wa kahawia na ulisambaa majini mara tu alipoutikisa, ilhali wa chupa ya pili ulikuwa vipande vyeusi vilivyotuama chini ya glasi kama machicha ya kahawa. Kwa kuwa lalamiko la namna hii limetufikia mara nyingi, tunaona wateja wetu wanastahili maelezo kamili.

Oksidi ya grafini haina fomula moja kama chumvi ya mezani. Ni grafaiti, yaani kaboni ya matabaka kama ile ya ndani ya penseli, iliyolazimishwa kupokea oksijeni, na matabaka yake, ambayo kwa asili yameachana kwa nanometa 0.335 tu (nanometa ni sehemu ya bilioni moja ya mita), hutanuka hadi kati ya nanometa 0.6 na 0.9 kutegemea unyevu. Kiasi cha oksijeni kinachoingia hutegemea njia iliyotumika. Mkemia Mwingereza Brodie alitumia potasiamu kloreti na asidi ya naitriki mwaka 1859. Wakemia wa Marekani Hummers na Offeman, mwaka 1958, walitumia potasiamu pamanganeti, asidi ya salfuriki na sodiamu naitreti, wakaifupisha kazi hiyo hadi saa chache. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliiondoa naitreti, wakaongeza pamanganeti maradufu na kuchanganya asidi ya salfuriki na ya fosforiki kwa uwiano wa tisa kwa moja. Sisi tunafuata njia hii ya mwisho, kwa sababu haitoi hewa ya sumu ya oksidi za naitrojeni na huacha matabaka yakiwa na majeraha machache, ingawa hula kemikali nyingi zaidi, na hapo ndipo sehemu ya bei yetu inapotoka.

Wapo wanaodhani kwamba baridi ya Mbeya ya mwezi Juni inatosha bila barafu. Haitoshi, kwa kuwa joto hutoka ndani ya mchanganyiko wenyewe, na pamanganeti ndani ya asidi kali huunda oksidi ya manganisi inayoweza kulipuka inapopita takriban nyuzi 55. Mteja mmoja aliyeamua kujitengenezea alimimina pamanganeti yote kwa mkupuo. Chombo kilipasuka, na tunamshukuru Mungu kwamba alikuwa amesogea pembeni. Sisi huiweka kijiko kwa kijiko juu ya barafu, na kazi hiyo pekee hutuchukua asubuhi nzima.

Hata hivyo, kinachotugharimu kuliko vyote ni kuosha. Tunapoongeza haidrojeni paroksaidi, mchanganyiko wa kahawia iliyokolea hugeuka ghafla kuwa wa manjano angavu, na wateja wanaoshuhudia hatua hiyo hutaka kuuchukua palepale. Ndani yake bado kuna manganisi, salfeti na asidi. Tunaosha kwanza kwa asidi hafifu ya haidrokloriki ili kuondoa metali, kisha kwa maji yaliyokenekwa, na kadiri asidi inavyopungua ndivyo rojo linavyovimba na kuwa zito kama uji wa ulezi, hata sentrifuji, mashine inayotenganisha vitu kwa kuvizungusha kwa kasi, ikashindwa kulitenga upesi. Kwa hiyo osho la nane huchukua muda mrefu kuliko matatu ya kwanza kwa pamoja. Mteja mwingine aliyetuomba tumpunguzie bei kwa kuosha mara mbili tu alikuwa anapima uwezo wa oksidi hii wa kunasa shaba katika maji. Asidi iliyobaki ilishusha pH, kipimo ambacho hupungua kadiri asidi inavyozidi, shaba ikakataa kunaswa, naye akarudia jaribio lote kwa kemikali mpya zilizomgharimu zaidi ya punguzo aliloomba.

Tukirudi kwa mwanafunzi wetu, chupa ya kwanza tulikuwa tumemkaushia wenyewe, polepole, chini ya nyuzi 50. Ya pili aliinunua ikiwa rojo, kwa sababu rojo lina bei nafuu zaidi, akalikausha usiku kucha katika tanuri la nyuzi 110. Joto hilo hufukuza oksijeni, rangi ikaiva kuelekea nyeusi, na matabaka yakashikamana yasikubali tena maji. Wala hasara si ya rangi pekee: oksidi ambayo haikuoshwa vizuri ikabaki na chumvi za potasiamu inaweza kushika moto inapopashwa. Hatukumlaumu, kwa kuwa lebo yetu haikusema lolote kuhusu kukausha, na kosa hilo ni letu. Tulimkaushia rojo lililobaki bila malipo.

Kuanzia mwezi huu kila chupa itaandikwa tarehe ya kutengenezwa, njia iliyotumika, idadi ya maosho, pH ya maji ya osho la mwisho na joto la kukaushia. Mwenye chupa ya zamani isiyosambaa majini ailete pamoja na maelezo ya jinsi alivyoikausha, nasi tutaipima mbele yake kabla ya kuzungumzia fidia.