Kirusi cha Oklahoma

Tanga, Jumapili usiku

Kwako shoga yangu Atupele,

Habari za masiku? Sisi hatujambo, ila mvua haitupi usingizi. Bati linavuja palepale ulipotandika godoro lako Krismasi.

Ule ubishi wetu wa kwenye daladala sijauacha. Ulisema Mmarekani na Mrusi hawawezi kukaa pamoja ila kwa kutegeana. Haya, Julai 1975 je? Soyuz, chombo cha anga cha Warusi, ilirushwa tarehe 15 kutoka kituo chao cha Baikonur, baada ya saa saba na nusu Apollo ya Wamarekani ikaondoka Florida, na tarehe 17 vyombo viwili vikaungana huko juu. Chini makombora yameelekezeana, juu watu wanashikana mikono mlangoni.

Mlango wenyewe ulikuwa kazi. Ndani ya Apollo ilikuwa oksijeni tupu, kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, kama theluthi ya ile ya hewa hii tunayovuta. Soyuz walivuta hewa kama yetu. Ukitoka kwa Mrusi ukaingia moja kwa moja kwa Mmarekani, damu inafanya mapovu kama ya mzamiaji aliyeibuka ghafla. Wakaweka chumba kidogo katikati, mtu anaketi humo mpaka mwili uzoee. Na Warusi wakapunguza kanieneo ya kwao ili wageni wasisubiri sana.

Lakini mimi nilinaswa na lugha. Walikubaliana kila mmoja aseme ya mwenzake: Wamarekani Kirusi, Warusi Kiingereza. Sisi tumezoea kila mtu kuvutia kwake! Wao waliona kwamba anayesema lugha ya kujifunza huenda polepole, kwa maneno machache, na mwenyeji humwelewa. Thomas Stafford, kamanda wa Apollo, mzaliwa wa jimbo la Oklahoma, alikuwa na lafudhi nzito hata Alexei Leonov, kamanda wa Soyuz, akatania kwamba kule angani zilisemwa lugha tatu: Kirusi, Kiingereza na "Oklahomski". Nilicheka peke yangu, nikakumbuka Kinyakyusa changu mbele ya mama yako, naye ananijibu kwa Kiswahili kwa huruma.

Huyo Leonov alikuwa na vituko. Mezani aliwagawia wageni tyubu zilizoandikwa vodka. Kumbe ndani ni supu ya kiazi chekundu.

Najua utasema yalikuwa maigizo ya wakubwa. Sikatai sana, vyombo vyao havikuungana tena hadi 1995. Ila wale wawili hawakuachana. Stafford alipoasili watoto wawili wa Kirusi, Leonov alimsaidia. Na Leonov alipofariki Oktoba 2019, Stafford, mzee wa miaka 89, alisafiri mpaka Urusi, akasimama mazikoni akamuaga kwa Kirusi. Nadhani ni kilekile cha Oklahoma.

Fundi wa bati anakuja Jumanne, akitaka. Msalimie mama. Mwambie salamu yangu ya "ugonile" bado naifanyia mazoezi.

Wako,
Mwanahawa